Mzee Ana Mtu?

Kijana alisoma swali kama lilivyoandikwa: mzee anakubali kwa kiasi gani kwamba yupo mtu maalumu aliye karibu naye anapokuwa na shida? Majibu yalikuwa saba, kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, na kishikwambi kilikuwa mapajani kikisubiri. Mzee alivuta kikoi chake magotini, akafikiri, kisha akauliza, "Maalumu huyo ni yule wa wizarani?"

Hakuwa anatania. Tangu Januari 2022 wazee wa Tanzania Bara wako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu. Bungeni kuna viti maalumu, na polisi wana Kanda Maalumu ya Dar es Salaam. Kwa mtu aliyeokota nusu ya Kiswahili chake redioni, maalumu ni chochote ambacho serikali imekitenga. Swali lilitungwa Marekani likimkusudia mwandani, yule mtu mmoja ambaye ukilia anajua unalilia nini. Lilipofika kwenye baraza ile ya makazi ya wazee lilikuwa limevaa suti na limeshuka kwenye gari la serikali, lenye namba za STK.

Mimi nilikuwa pale kwa kazi ndogo. Watafiti walitaka mtu wa kuangalia kama Kiswahili cha dodoso lao kinaeleweka na wazee wanaoishi katika makazi ya kutunzwa, nami nikadhani ni kazi ya asubuhi moja: kunyoosha viambishi, kunywa chai, kuondoka. Sitayataja makazi yenyewe wala watafiti. Hawakukosea kuliko wenzao, na walikuwa na adabu ya kuuliza. Ila niliishia kurudi mara tatu.

Dodoso lina ukoo wake. Gregory Zimet na wenzake walilichapisha mwaka 1988: sentensi 12, nne za familia, nne za marafiki, nne za huyo "maalumu". Mwaka huohuo James Lubben, naye Mmarekani, alitoa kipimo cha mtandao wa watu wanaomzunguka mzee, na toleo lake fupi lina maswali sita tu, matatu ya ndugu na matatu ya marafiki. Wangapi unaonana au kuwasiliana nao angalau mara moja kwa mwezi? Wangapi unaweza kuwafungulia mambo yako ya ndani? Wangapi unaweza kuwaita wakusaidie? Kila jibu lina alama kati ya 0 na 5, jumla 30, na anayepata chini ya 12 anahesabiwa kuwa yuko hatarini kutengwa. Uzuri wake mkubwa ni ufupi. Mzee wa miaka 80 akifika swali la ishirini anaanza kukubali kila kitu ili mgeni aende zake.

Sababu ya kupima ipo, tena nzito. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka tisa wakazi wa Alameda, California. Waliokuwa na mahusiano machache kabisa na watu walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wenye mahusiano mengi, na tofauti hiyo haikufutwa na sigara, pombe wala afya waliyoanza nayo. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakaona mwelekeo uleule. Upweke unaua, kwa maana ya daktari, si ya mwimbaji wa taarabu.

Kwa hiyo sina ugomvi na kupima. Afisa ustawi wa jamii anayekwenda kuomba fungu akiwa na hadithi hurudi na hadithi. Akiwa na jedwali, angalau barua yake itajibiwa. Ugomvi wangu ni na kile kinachopimwa, nao unaanzia kwenye neno msaada.

"Msaada wa kijamii" ndivyo tunavyoandika kwenye tasnifu. Kwenye makazi ya wazee msaada ni kitu kinachoshushwa garini: unga, mchele, mafuta ya kula, sabuni za miche, kandambili, mablanketi, na nepi za watu wazima kama mtoaji ana upeo. Msaada hupigwa picha. Huja Idi, huja Krismasi, na huja 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, siku ambayo mzee anaweza kula wali mara mbili na kushikwa mkono na watu ambao hajawahi kuwaona na hatawaona tena. Bibi mmoja aliulizwa kama familia yake inampa msaada wa kihisia anaouhitaji. Akajibu kwamba mwaka jana waliletewa, mwaka huu bado.

Halafu kuna shukrani. Lugha yetu haimpi mzee mlango wa mbele wa kulalamikia. Unamuuliza hujambo, anajibu sijambo, na baada ya hapo ndipo anapokueleza kwamba hajalala siku tatu kwa mgongo. Dodoso huishia kwenye "sijambo". Karibu wote walianza na "tunamshukuru Mungu", na ngazi saba za majibu hazina ngazi ya kumshukuru Mungu. Kijana wetu aliibonyeza kama "nakubali". Mwenzake, aliyekuwa chini ya mwembe na wazee wengine, aliibonyeza kama "sina hakika". Jioni walibishana kwenye gari, na ilionekana kwamba sehemu ya tofauti kati ya wazee wa barazani na wazee wa mwembeni ilikuwa tofauti kati ya vijana wawili. Isitoshe, mhudumu wa chai alikuwa hatua tatu kutoka tulipokaa. Mzee anajua kuwa watafiti wataondoka saa saba, na kwamba saa mbili usiku ni huyo mhudumu atakayemletea uji.

Ni vizuri pia kujua nani anaishi humo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaweka matunzo ya mzee mikononi mwa familia na jamii kwanza. Makazi ni hatua ya mwisho. Maana yake, aliyeko Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto Shinyanga au Bukumbi wilayani Misungwi, amefika baada ya milango mingine kufungwa. Baadhi ya makazi haya yana historia ya ukoma: dawa ilipatikana, wagonjwa wakapona, ndugu hawakurudi. Kanda ya Ziwa kumekuwa na bibi waliokimbia vijiji vyao kwa ajili ya macho mekundu, macho yaliyoinamia moshi wa jikoni maisha yote, moshi wa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipokwisha, na kijiji kikayasoma kuwa ni uchawi. Upande wa Kenya, kule Ganze katika kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma imewapa hifadhi wazee waliokimbia tuhuma kama hizo. Sasa mkalishe bibi huyo kwenye kiti cha plastiki umuulize ni ndugu wangapi angewaita akipata shida. Waliomkimbiza na mapanga ni ndugu. Kipimo kinamhesabia kila ndugu anayemjulia hali kuwa ni alama ya kujumlisha. Hakina alama ya kutoa.

Niliporudi mara ya pili nilikwenda bila dodoso, nikakaa kusikiliza wanavyosema wao kwa wao. Hawasemi msaada, hawasemi mtandao, na upweke niliusikia mara moja tu, kutoka kwa mwalimu mstaafu. Neno lao ni mtu. "Yule ana mtu." "Mimi sina mtu, baba." Mzee anaweza kuwa na watoto wanne Mwanza, wageni wa kila Ramadhani na wahudumu wa zamu tatu, na bado akawa hana mtu. Nikauliza basi mtu ni nani. Mzee wa kikoi, yule aliyedhani tunamuulizia wizara, alinijibu bila kufikiri: "Mtu ni wa kumtuma."

Nadhani hilo ndilo jibu bora nililolisikia kuhusu jambo hili, na halimo katika sentensi zote 12 za Zimet. Sisi tumekulia kutumwa. Mtoto hutumwa chumvi na mama yake, hutumwa kiberiti na jirani, hutumwa barua na mzee wa mtaa ambaye hata jina lake halijui, na ole wake aulize kwa nini yeye. Anayetuma haombi radhi. Uzee, kwa jinsi tulivyolelewa, ni kupanda polepole kutoka kutumwa hadi kutuma. Kwenye makazi ngazi hiyo inaondolewa. Mhudumu hatumwi, huombwa. Ana zamu yake, ratiba yake na wazee wengine wa kuwaogesha. Mzee anayetaka wembe, au ugoro, au kujua tu kama mvua imeshanyesha kwao, inabidi aombe kama mgeni katika nyumba ambayo ameambiwa ni yake.

Mzee wa kikoi alikuwa na wa kumtuma. Huyo alikuwa mtoto wa miaka kama 13 aliyepita na ndoo ya maandazi kila siku saa nne, akiegesha ndoo barazani na kusimama bila kusema kitu, kwa sababu alijua kitakachofuata. Mzee alifungua pindo la kikoi, akatoa sarafu mbili, akamtuma ugoro ng'ambo ya barabara. Mtoto alichelewa. Aliporudi alikaripiwa vizuri, tena kwa sauti: alikuwa wapi, amekutana na nani, na mbona ugoro wenyewe mkavu. Mtoto alitazama chini, akachukua ndoo yake, akaondoka akitabasamu. Kesho yake saa nne alikuwepo. Kwenye kipimo cha Lubben mtoto huyu si ndugu, na mzee alipoulizwa marafiki hakumtaja, maana nani anamwita mtoto wa maandazi rafiki? Mzee alipata alama 4 kati ya 30.

Na kuna watani. Upande wa pili wa baraza walikaa Mhehe na Mngoni, wote wamepita miaka 75, ambao siku ya kwanza nilidhani watapigana. Mmoja alikuwa ameficha fimbo ya mwenzake na anadai faini. Mwenye fimbo alimwambia hatalipa, na kwamba siku Mhehe atakapokufa, yeye ndiye atakayelala ndani ya kaburi na hatatoka mpaka wenyewe watoe chochote. Mhudumu mpya, binti wa kozi ya miezi michache, alikuwa amependekeza wahamishwe vyumba. Mtu aliyekulia katika utani wa makabila anajua kilichokuwa kinasemwa pale: nitakuwepo siku ya kukuzika. Kwa mzee asiye na ndugu wa kumfuata, hakuna ahadi kubwa kuliko hiyo. Mngoni alipoulizwa kuhusu marafiki alicheka hadi akakohoa. "Rafiki sina. Nina adui mmoja tu, yule pale." Kijana akaandika sifuri.

Mambo haya si ya kuwatania Wamarekani. Watafiti wao wenyewe wameona pengo hili kwa upande mwingine. Mwaka 2003 Stephanie Brown na wenzake wa Michigan walitoa matokeo ya kuwafuatilia jozi 423 za wanandoa wazee kwa miaka mitano, wakaona kwamba waliokuwa wakiwasaidia wengine ndio waliopungukiwa na hatari ya kufa. Kupokea msaada peke yake hakukuleta faida hiyo. Lakini madodoso yetu karibu yote yanauliza mzee anapewa nini. Ni nadra kumuuliza anatoa nini, labda kwa sababu tumekwisha kuamua kwamba hana cha kutoa.

Jikoni kulikuwa na bibi mmoja aliyechambua mchele kila siku baada ya chai. Hakuna aliyempangia. Alikaa na ungo wake karibu na mlango, macho yake hayaoni tena vizuri lakini vidole vilijua jiwe na punje. Alimjua mpishi, alijua mtoto wa mpishi amefeli hesabu, na chakula kikiwa kizuri alijihesabia sehemu yake. Mfadhili mmoja, kwa wema kabisa, akaleta magunia ya mchele wa gredi ya kwanza, usio na hata jiwe moja. Bibi akakosa kazi. Nilipomkuta mara ya tatu alikuwa kitandani saa nne asubuhi, si mgonjwa. Kwenye ripoti ya mwaka magunia yale yameingia kwenye safu ya msaada uliopokelewa, na yameingia kwa haki.

Fedha nayo inaingia hapa, ingawa wapimaji huitenga na mahusiano. Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye umri huohuo. Bara bado hatuna pensheni ya wazee wote. Wachumi huandika kuhusu lishe na dawa, na ni kweli. Mimi naona zile sarafu mbili kwenye pindo la kikoi. Bila sarafu mzee hatumi, anatuma salamu.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi halikuwa dodoso. Lilikuwa sisi wenyewe. Mwaka 1976 Richard Schulz alichapisha jaribio alilofanya katika makazi ya wazee kule North Carolina. Wanafunzi wa chuo walitumwa kuwatembelea wazee. Kundi moja la wazee liliachiwa lichague wageni waje lini na wakae kwa muda gani. Kundi jingine liliambiwa tu mapema mgeni atakuja lini. La tatu lilitembelewa kwa kushtukizwa. La nne halikutembelewa. Baada ya miezi miwili makundi mawili ya mwanzo yalikuwa na hali bora kwa afya na kwa uchangamfu. Jaribio likaisha, matokeo yakachapishwa, wanafunzi wakarudi kwenye masomo yao.

Mwaka 1978 Schulz na Barbara Hanusa wakatoa ripoti ya kilichofuata. Waliporudi kuwaangalia wazee walewale baada ya miaka miwili na zaidi, waliokuwa wamenufaika ndio waliokuwa wameporomoka. Hali yao ilishuka kuliko ya wale ambao hawakuwahi kutembelewa na yeyote. Walikuwa wamepewa mtu, tena mtu wa kumpangia siku, kisha wakanyang'anywa. Nimekisoma kisa hiki mara kadhaa na kila mara namkumbuka yule mzee aliyeniuliza, wakati tunakunja viti siku ya kwanza, "Mnarudi lini?" Nilimjibu kama tunavyojibu sote: "Tutarudi, mzee, Mungu akipenda." Mungu amesingiziwa mengi kwenye mageti ya makazi ya wazee.

Watafiti waliniomba niandike maswali yangu kama naona yao yamepwaya. Niliandika manne. Ukitaka kitu dukani leo, utamtuma nani? Usipoonekana asubuhi, nani atakuulizia? Nani unaweza kumgombeza leo na kesho akaja? Wiki hii umempa nani nini? Mawili yaliingia mwishoni mwa dodoso. Mawili yalikataliwa kwa sababu matokeo yake hayawezi kulinganishwa na ya nchi nyingine. Ni sababu ya haki na sikubishana. Nilichobishania ni orodha ya walioachwa nje: viziwi, waliopoteza kumbukumbu, na wawili waliolala wakitazama ukuta ambao hawakutaka kuhojiwa. Kanuni za utafiti zinaruhusu kuwaacha, na za kuheshimu hiari ya mtu zinalazimisha. Lakini wastani wa alama uliochapishwa ni wastani wa waliokuwa na nguvu ya kutuongelesha, na hilo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko zile za tanbihi.

Siku ya tatu, nikiwa natafuta bodaboda, Mngoni alinifuata getini. Alivua kofia, akatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa kwenye kipande cha nailoni. Ilikuwa na namba tatu za simu, mwandiko wa watu watatu, wino umeanza kuchuja kwenye mikunjo. Akaniomba nimpigie. Namba ya kwanza haikupatikana. Ukitazama tarehe iliyoandikwa pembeni, ilikuwa ya kabla ya Januari 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Ya pili ilipokewa na mama mmoja aliyesema kwa upole kwamba laini ni yake tangu aliponunua, na kwamba si mara ya kwanza kupigiwa na mtu anayemtafuta mwenye namba wa zamani. Ya tatu iliita. Alikuwa mtoto wa dada yake. Walisalimiana, wakaulizana mvua, kisha kijana akasema yuko kazini, atapiga jioni. Mzee akanirudishia simu. Hakuwa na simu yake, na kijana hakuuliza atapiga namba gani.

Kwa hiyo, msomaji, kama una mzee wako kwenye makazi haya, na umebadilisha laini, mpelekee namba mpya. Iandike kwa kalamu ya wino usiochuja, tarakimu kubwa, na nakala nyingine mwachie mhudumu wa zamu.